Nani Aseme Inatosha?

Katika lugha yetu kuna neno ambalo kila siku hupita midomoni mwetu bila sisi kulitazama usoni. Neno lenyewe ni "inatosha". Mgeni humwambia hivyo mwenyeji anayemwongezea mchuzi, na mwenyeji hufurahi, kwani ni neno la adabu. Lakini neno hilo hilo likitamkwa na mpakuzi, ilhali mgeni bado ana njaa, hugeuka likawa uchoyo. Na likitamkwa na mtu wa tatu, ambaye hali pamoja nao wala hapakui, huwa ni ujuvi. Chakula ni kile kile na sahani ni ile ile. Kilichobadilika ni kinywa kilichosema.

Ndugu msomaji, makala hii inahusu kompyuta, na hasa vioo vyake. Nimeanza na mchuzi kwa sababu naamini kwamba swali kubwa kuhusu vyombo vya siku hizi si la ufundi, bali ni hilo la mezani: nani mwenye haki ya kusema kwamba hiki nilicho nacho kinatosha, au hakitoshi?

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa vyombo vipya. Hapa Mwanza tupo watu kadhaa, walimu, wahasibu, vijana wa vyuo na mafundi, ambao habari ya prosesa mpya hutufurahisha kama wenzetu wanavyofurahishwa na habari za usajili wa Simba na Yanga. Tunajua kasi za kumbukumbu kwa kichwa. Tunabishana juu ya kioo kipi kina weusi wa kweli na kipi kina weusi wa kijivujivu. Wake zetu na waume zetu hututazama kwa huruma. Kwa hiyo nikiuliza maswali magumu juu ya mapenzi haya, nauliza nikiwa ndani ya nyumba, si kwa kuchungulia dirishani.

Mapenzi yenyewe yana historia yake, na katika nchi yetu historia hiyo ni fupi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho, tena cha picha za rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Runinga na kompyuta tulizozipokea wakati ule zilikuwa zile ambazo watu waliziita za chogo, kwa kuwa zilikuwa na kichwa kikubwa nyuma. Ndani ya chogo hilo mlikuwa na bomba la kioo lisilo na hewa, ambamo mkondo wa elektroni ulirushwa kutoka nyuma ukapiga unga uliopakwa upande wa ndani wa kioo, unga ukang'aa. Ufundi huo ulikwishaanza mwaka 1897 kwa kazi ya Mjerumani Ferdinand Braun. Ulituhudumia karibu miaka mia moja, na kioo chake kilitiwa madini ya risasi ili kumkinga mtazamaji na mionzi.

Baadaye vikaja vioo bapa. Msingi wake ni ugunduzi wa mwaka 1888, pale mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alipoona kitu ambacho kikipashwa moto hakiwi kigumu wala hakiwi majimaji kamili. Ilipita miaka 80 kabla kampuni ya RCA ya Marekani haijaonyesha hadharani, mwaka 1968, jinsi vitu vya namna hiyo vinavyoweza kuzuia au kupitisha mwanga kwa amri ya umeme. Katika vioo hivyo nukta haitoi mwanga wake yenyewe. Taa hukaa nyuma, na nukta hufanya kazi ya pazia. Ndiyo sababu weusi wake si weusi hasa, kwani pazia hata likifungwa huvujisha mwanga kidogo. Vioo vya OLED, ambavyo mbegu yake ilipandwa mwaka 1987 na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, viliondoa pazia hilo. Kila nukta huwaka yenyewe, na ikitakiwa kuwa nyeusi huzimika kabisa. Aliyewahi kutazama picha ya anga la usiku katika kioo cha namna hiyo anajua kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anaweza kukitamani.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii husemwa kwa kucheka, lakini inabeba onyo. Haisemi kwamba kipya ni kibaya. Inasema kwamba utamu wa upya ni kitu kimoja, na wema wa kitu chenyewe ni kitu kingine, na kwamba mtu anaweza kuonja ule wa kwanza akadhani amepata wa pili.

Tuchukue hesabu ndogo. Kioo cha kompyuta cha miaka ile kilikuwa aghalabu na nukta 640 kwa 480, yaani nukta 307,200. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kile kinachoitwa 4K kina nukta 8,294,400. Jicho zima la binadamu huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mtu aliyekaa sentimita 60 mbele ya kioo, pembe hiyo ni kama milimita 0.17. Sasa, katika kioo cha inchi 24 chenye nukta milioni mbili, nukta moja ina upana wa karibu milimita 0.28, na mwenye macho makali ataiona. Lakini katika kioo cha inchi 27 cha 4K nukta ina milimita 0.16 hivi. Hapo jicho la kawaida limefika mwisho wa uwezo wake. Vivyo hivyo kwa kasi: filamu za sinema zimezoeleka kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali leo vinauzwa vioo vinavyobadilisha picha mara 240, hata mara 500 kwa sekunde.

Nikiwaeleza wenzangu hesabu hii huniambia kwamba mtu hanunui kwa ajili ya jicho peke yake. Wana haki. Mtu anayecheza michezo ya kasi huhisi tofauti ambayo mimi sihisi. Tena, starehe si dhambi. Mvuvi wa Ukerewe anayenunua redio yenye sauti nzuri kuliko ya jirani hakumwibia mtu. Mimi sitaki kumhukumu mtu kwa starehe aliyoitolea jasho. Ninachotaka ni kwamba tujue tunanunua nini. Ukinunua kitu kisichoonekana kwa jicho, basi umenunua heshima, au utulivu wa moyo, au hofu ya kubaki nyuma. Vitu hivyo vina bei zake, na havina kipimo cha kutosha, kwa sababu heshima hupimwa kwa jirani, na jirani naye ananunua.

Hadi hapa ningeweza kuhitimisha kwa mahubiri ya kuridhika na ulicho nacho, na pengine ungeyapenda. Lakini mahubiri hayo yana historia katika nchi hii, na si yote ya kujivunia.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu zilikuwepo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta iliyofungwa Hazina ilikuwa imeleta hasara na vurugu katika hesabu. Waliofanya uamuzi ule hawakuwa wajinga wala wabaya; walitazama nchi yenye vijiji visivyo na maji wakauliza, hiki ni cha nini? Lakini marufuku ilidumu miaka mingi kuliko sababu zake. Kizazi kizima cha wahasibu, wahandisi na walimu kilikua bila kugusa chombo ambacho wenzao wa nchi nyingine walikuwa wanajifunzia. Watu wachache walisema "kalamu na daftari vinatosha" kwa niaba ya mamilioni, na mamilioni hawakuulizwa. Ndipo naona kwamba kuridhika ni tunda zuri likiiva juu ya mti wake. Ukilichuma bichi na kumlisha mwenzako kwa nguvu, humuumiza tumbo.

Wapo na wengine wanaotusemea neno hilo kwa upole zaidi. Najua shule moja ng'ambo ya ghuba iliyopokea shehena ya kompyuta za msaada kutoka nje, nyingi zikiwa za chogo, pamoja na barua nzuri iliyosema kwamba vifaa hivi bado vinafaa sana. Karibu nusu ya vioo havikuwaka. Vimo stoo mpaka leo, kwa kuwa mwalimu mkuu anajua vina risasi ndani yake, na hathubutu kuvitupa shimoni karibu na kisima. Aliyeviandikia kwamba vinafaa hakuwa tayari kuvitumia yeye mwenyewe. Ndiyo maana vilisafiri. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na wakati mwingine huachiwa pia kazi ya kukizika hicho cha nduguye.

Upande wa pili wako wanaotusemea kinyume chake: "haitoshi". Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa programu yake ya Windows 10, ingawa iliacha mlango wa mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama kwa waliojiandikisha. Programu iliyofuata, Windows 11, inadai kompyuta iwe na kijenzi maalumu cha usalama na prosesa iliyomo katika orodha yake. Prosesa nyingi zilizouzwa zikiwa mpya mwaka 2017 hazimo. Ziko sababu za usalama katika uamuzi huo, nami sizidharau. Lakini fikiri maana yake kwa mtu mwenye duka la kuchapa barua karibu na stendi ya Nyegezi. Jana mashine yake ilikuwa nzima. Leo ni nzima vile vile, haikuungua, haikudondoka. Hata hivyo imeitwa kongwe, na aliyeiita hivyo yuko mbali na hajawahi kuiona.

Kuna na kichekesho kingine cha soko. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu zake kwenye majumba makubwa ya kompyuta yanayoendesha akili bandia. Kwa miaka mingi tulizoezwa kuamini kwamba ukisubiri mwaka mmoja utapata chombo bora kwa bei ndogo. Gordon Moore alitabiri mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi katika kipande kimoja itakuwa inaongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi, na ulimwengu ukachukua utabiri ule kama ahadi. Sasa kijana wa Mwanza aliyekuwa anadunduliza apate kumbukumbu zaidi anakuta bei imemkimbia, kwa ajili ya uchu wa watu asiowajua. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Mwaka huu methali hiyo imekuwa pia ushauri wa kibiashara.

Kwa hiyo Serikali ya mwaka 1974, mfadhili, na mwenye kiwanda, wote watatu, pamoja na tofauti zao, wamefanya jambo moja. Wameketi mbali na sahani, na wamesema juu yake.

Lakini je, mwenye sahani akiachiwa aseme peke yake, mambo yamekwisha? Hapana. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vingine vimeundwa kwa udongo wetu. Viungio vya kompyuta hupakwa dhahabu, kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kufundishwa dhahabu inatoka wapi. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukichimba tangu mwaka 2000, na barabara ya kwenda huko hupita leo juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Mwaka 2021 kilizinduliwa hapa kwetu kiwanda cha kusafisha dhahabu. Nje ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wanaokamata dhahabu kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, na zebaki hiyo haimwachi salama anayeishika wala maji inamooshewa. Bati, ambalo huunganisha vijenzi juu ya ubao wa saketi, na ambalo likichanganywa na indiamu hufanya ule utando mwembamba unaopitisha mwanga na umeme ndani ya vioo bapa, linachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Na koltani, ambayo humo hutolewa tantali ya vijenzi vidogo, inachimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini, mahali ambapo machimbo na vita vimesukwa pamoja kama ukili. Siwezi kukuambia kwamba punje hii ya dhahabu iliyomo katika mashine yangu ilitoka Geita. Naweza kukuambia kwamba ilitoka kwenye shimo, na kwamba mtu aliingia humo.

Huo ni mwanzo wa chombo. Mwisho wake tunauona pia. Pembezoni mwa mji nimeona vijana wakichoma nyaya ili wapate shaba, na moshi mweusi ukienda kwenye nyumba zilizo jirani. Mwaka 2021 nchi yetu ilitunga kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, nalo ni jambo jema. Lakini kanuni haizimi moto mpaka pawepo mahali pengine pa kupeleka waya, na mtu wa kumlipa kijana aliyeupeleka. Anayesema "haitoshi, naleta kipya" hajamaliza sentensi yake mpaka aeleze kile cha zamani kinakwenda wapi.

Katikati ya mwanzo na mwisho yuko mtu mmoja ambaye mji huu umemjua kwa muda mrefu, naye ni fundi. Tunao mtaa uitwao Makoroboi. Jina hilo lilitokana na koroboi, vile vibatari vilivyokuwa vikitengenezwa pale kwa makopo na mabati chakavu. Fundi alichukua kopo ambalo mwenyewe alikwisha kusema halifai, akalitia utambi, mtoto akasomea. Leo wajukuu wa kazi ile wamekaa katika vibanda vya mjini na hausi moja ndefu ya taa za nyuma za runinga mkononi. Kioo bapa kikiletwa kikiwa giza, fundi hukifungua, hutafuta taa iliyokufa, hubadilisha, na kioo huishi miaka mingine mitatu. Kompyuta iliyoitwa kongwe huitia programu ya Linux, ambayo haidai ada, na mwenye duka la kuchapa barua huendelea na kazi yake. Fundi huyu hasemi inatosha wala haitoshi. Yeye huuliza: "Mzee, unataka kuifanyia kazi gani?" Nimekuja kuona kwamba ndilo swali bora kuliko yote katika jambo hili.

Ni swali linaloweza kutetea kipya pia. Ukisimama Bwiru usiku wa giza la mwezi, utaona ziwani taa nyingi kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi walitumia karabai, taa ya pampu inayokula mafuta usiku kucha, yenye moto na kioo ndani ya mtumbwi unaoyumba. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED, zenye betri iliyochajiwa kwa jua. Taa hizo zina asili moja na vioo ninavyovisema. Mwanga mweupe wa LED haukuwezekana mpaka Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walipofanikiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kupata LED yenye mwanga mkali wa buluu, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa ile ile inayokaa nyuma ya kioo bapa cha ofisini ndiyo inayomwita dagaa ziwani. Mvuvi mmoja wa mwalo wa Kirumba aliniambia, "Mwalimu, zamani nilikuwa namvulia muuza mafuta ya taa. Sasa navua kwangu." Angeambiwa na mtu wa mjini kwamba karabai inatosha, angekuwa na haki ya kumcheka. Alijua kazi yake, akapima, akasema haitoshi, na alisema kweli.

Mlinganishe na kadi ya grafiksi ya RTX 5090, ambayo kampuni ya Nvidia iliitoa mwezi Januari 2025, na ambayo peke yake huweza kula wati 575. Umeme huo ungewasha balbu 57 za wati 10. Kwa daktari anayechambua picha za mwili, au mtafiti, pengine ndicho chombo cha kazi, nami ningemchangia. Kwa kijana anayetaka majani ya msituni ndani ya mchezo yatikisike vizuri zaidi, ni starehe. Kadi ni moja, kazi mbili. Na jibu haliwezi kuwa moja.

Swali hili lilinifikia kwa ukali mwaka jana katika bodi ya shule moja ya sekondari ya kata ambayo mimi ni mjumbe wake. Wazazi walikuwa wamechanga fedha za chumba cha kompyuta. Fedha hizo zilitosha kompyuta mpya sita, nzuri, zenye vioo vikubwa. Au ishirini za mtumba, zilizokarabatiwa hapa hapa mjini. Wazee wengi, nami nikiwemo, tulielekea kwenye mtumba. Ndipo mwalimu kijana anayefundisha somo hilo aliposimama.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Naomba nisieleweke vibaya. Mnaposema zinatosha, mnawasemea watoto ambao hawamo humu ndani. Mimi nitakuwa nao. Naomba tutaje kwanza kazi."

Akataja. Kuandika, hesabu za majedwali, na kujifunza kutunga programu: kwa hayo, alisema, mtumba unatosha kabisa, na mtoto anayekaa peke yake mbele ya kioo kidogo hujifunza kuliko watoto watano wanaosukumana mbele ya kioo kikubwa. Lakini wapo wanafunzi wanaochora na wanaohariri picha, na kwao kioo kinachodanganya rangi ni kama rula iliyopinda. Tukaamua kununua kumi na sita za mtumba na moja mpya yenye kioo cha kweli, na kiasi kidogo kikawekwa kando kwa ajili ya fundi.

Tulidhani tumemaliza. Kisha mzazi mmoja, mama anayeuza samaki, akanyoosha mkono. "Nimewaelewa, na uamuzi nimeukubali," alisema. "Ila nauliza. Mwanangu atakitazama hicho kioo kizuri kwa zamu, dakika ishirini kwa wiki. Watoto wa shule za kulipia kila mmoja anacho chake. Hiyo nayo nayo inatosha?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti alishukuru akafunga kikao. Nimelibeba swali lile tangu siku ile, na nadhani linaonyesha mahali ambapo busara ya fundi inafikia kikomo. Kuuliza "kazi gani?" hutusaidia kugawa kilichopo kwa haki. Hakutuambii kwa nini kilichopo mezani petu ni kidogo kuliko cha meza ya jirani. Mtu mwenye vingi akijizuia, huo ni uungwana. Mtu mwenye vichache akiambiwa ajizuie, anadaiwa kwanza maelezo. Kwa hiyo sisi tunaopenda kusifu mtumba na ukarabati, tusiufanye uzuri wa ufundi wetu kuwa pazia la kuficha upungufu ambao mtoto hakuuchagua.

Mimi mwenyewe natumia kioo cha inchi 24 ambacho kimepita kwa fundi mara mbili. Kila nikitazama vile vya OLED moyo unanienda mbio, na sioni aibu kusema hivyo. Naandika barua na makala, nasoma magazeti, natazama mpira. Kwa kazi hizo kinanitosha, na nimekiambia hivyo. Lakini nimejizoeza kulisema neno hilo juu ya meza yangu tu. Bodi yetu itakutana tena mwezi ujao, na nimeomba swali la yule mama liandikwe katika ajenda, kwa maneno yake, kabla ya taarifa ya fedha.